Kaya Zinazidi, Je, Udugu Unapungua?



Karani wa sensa akibisha hodi hahesabu milango. Huuliza ni nani wanaoishi na kula pamoja. Hao ndio kaya moja. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Watanzania milioni 44.9, wastani wa watu 4.7 kwa kila kaya. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta milioni 61.7, watu 4.3 kwa kaya. Basi watu walizidi kwa zaidi ya theluthi, na kaya kwa kiasi cha nusu. Tukizidi vivyo hivyo, na kaya ikashuka hadi watu wanne, mwaka 2032 kaya zitakuwa kama milioni 21.

Itazame Lalago, mji mdogo katika nchi ya pamba, mkoani Simiyu. Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na wastani wa watu 6.9 kwa kaya. Dar es Salaam ilikuwa na karibu wanne. Kijana wa Lalago akienda kupanga chumba Dar es Salaam, huwa amezidisha kaya moja na kuipunguza nyingine. Nasi wa pwani ni hao hao: mtoto yuko Maskati, mama yuko peke yake Tanga, na karani huandika: mtu mmoja.

Je, kujitenga ni dhambi? La. Katika Sura An-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu ametuondolea lawama tukila pamoja au mbalimbali. Lakini aya hiyo hiyo inazitaja nyumba za baba, mama, ndugu, ami, shangazi na wajomba, kwamba hatuna lawama kula humo. Yaani vyungu vyaweza kuwa vingi, ila mlango wa jamaa usifungwe.

Wala usidhani kuwa wingi wa watu nyumbani watosha. Mzee aweza kukaa na watu saba akakosa wa kumtekea maji ya kutawadhia.

Basi jiulize, msomaji: Ni nani katika jamaa zako aliyeandikwa peke yake? Mara ya mwisho ulikula kwake lini? Fedha unazompelekea ni wema, lakini fedha hazikai mkekani zikazungumza naye. Mwendee kabla ya Ijumaa ijayo. Ukiwa mbali, mpigie simu, umwombe na jirani amtazame.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuunga udugu. Amin.