Haki ya Aliyetangulia Kujua

Natengeneza vipodozi hapa Mombasa, na wateja wangu ambao ngozi zao huwashwa upesi hupenda maji ya uso ya chai ya rooibos. Naichemsha chai hiyo hadi ikolee wekundu, naichuja, naiacha ipoe, kisha naichanganya na uteute wa mshubiri.

Mmea wa rooibos kwao ni milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Majani yake hukatwa, hupondwa, hulowanishwa na kulundikwa mpaka kijani kigeuke wekundu na harufu tamu itoke, ndipo huanikwa juani. Mwaka 1968 mama mmoja, Annique Theron, aliona chai hiyo ikimtuliza mwanawe mchanga, na hapo ikaanza biashara yake ya vipodozi. Lakini Wakhoi na Wasan, wenyeji wa kale wa Afrika Kusini, walikuwa wameujua mmea huo zamani.

Je, elimu ya mababu ina mwenyewe? Rafiki yangu husema mmea ni wa Mungu, na elimu haipungui ikigawiwa. Kweli haipungui, ila aliyeitoa aweza kudhulumiwa. Wafanyabiashara wa rooibos walilipinga dai la Wakhoi na Wasan kwamba elimu ya mmea huo ni yao, hadi utafiti wa serikali wa mwaka 2014 ulipoona hakuna ushahidi wa kulikanusha. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tusingepaswa kusita hata kidogo kuikubali elimu iliyopokewa kwa mdomo. Hadithi za Mtume zilipita vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa vitabuni, na mpaka leo hupimwa kwa sanadi: nani kapokea kwa nani.

Mwaka 2019 yalitiwa saini makubaliano kwamba asilimia 1.5 ya bei ya rooibos shambani iwaendee Wakhoi na Wasan, na mwaka 2022 walipokea malipo ya kwanza, zaidi ya randi milioni 12. Wapo wanaoiita fedha hiyo hisani. Nakataa. Sadaka natoa nikipenda, katika mali yangu. Haki ya mtu ni deni, na masheikh wetu wametufundisha kuwa haki ya mja haifutwi na toba peke yake, mpaka arudishiwe au asamehe mwenyewe.

Kwa hiyo kila chupa yangu imeandikwa elimu hii imetoka kwa nani. Najua maandishi hayo hayalipi deni. Lakini anayeficha jina la mdai wake ameshaanza kulikana deni lenyewe.