Kujifunza Sauti Nne kwa Kitabu

Wako kati yenu walimu wa kwaya ambao hawakupata kuketi mbele ya mwalimu wa muziki hata siku moja, nao wamejifunza elimu ya kupatanisha sauti kwa kitabu tu. Sisi tu katika hao. Twaandika habari hizi si kwa kuwafundisha elimu hiyo, maana twaijua kidogo, bali kwa sababu kitabu kile kilituingiza katika swali lisilo la muziki peke yake. Je, yampasa mtu kuitii kanuni asiyoijua sababu yake? Na akiisha kuitii, je, ana haki ya kumhukumu mwenzake kwa hiyo?

Kitabu tulikipata Moshi, nasi tukakisoma kwetu Mwika kwa muda wa miaka miwili, jioni kwa jioni, kazi ya kahawa na migomba ikiisha. Kinanda hatukuwa nacho. Tulijifunza jinsi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zinavyokaa pamoja. Ya kuwa ti hupenda kupanda mpaka do, na fa kushuka mpaka mi. Ya kuwa sauti zisipishane wala zisiachane mno. Na katazo moja lilirudiwa karibu kila sura: sauti mbili zilizo mbali kama do na so zisitembee pamoja kwenda re na la, wala do na do ya juu yake zisifanye vivyo hivyo. Tulijaza madaftari matatu. Tukawa kama karani ahesabuye fedha asizoziona: kila nota tuliipima kwa jicho, wala sikio halikuulizwa neno.

Basi tukatunga wimbo wetu wa kwanza, tukaupeleka kwa kwaya. Uliimbwa pasipo kosa, lakini ulikuwa baridi kama uji uliolala. Juma la tatu, mama mmoja, mzaliwa wa Ugogo aliyeolewa kwetu, aliiacha sauti tuliyompa, akaufuata wimbo wenyewe kutoka chini, mbali kama do ilivyo mbali na so, akipanda ulipopanda na kushuka uliposhuka. Wenzake wawili wakamfuata. Tukaisimamisha kwaya, tukamwambia mbele ya wote kwamba amekosa. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili yake.

Tulipokwenda kumtazama, alitukaribisha vema, akatupa maziwa, kisha akasema, "Mwalimu, kwetu ndivyo tuimbavyo tangu babu zetu. Ni nani aliyekataza?"

Tukajibu, "Mama, kitabu kinakataza."

"Kwa sababu gani?"

Hatukuwa na jibu. Miaka miwili tulikuwa tumelikariri katazo, wala hatukuuliza hata mara moja linalinda nini.

Kila aliyepita darasa la kipaimara ajua kwamba Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakumwachia mtoto amri tupu. Baada ya kila amri lafuata swali la maana yake. Na hizo ni amri za Mungu. Itakuwaje basi amri za wanadamu juu ya do na so zipite bila kuulizwa? Kitabu chetu hakikuwa kibaya. Kilikuwa kifupi tu, na yaonekana mwandishi wake alidhani kila msomaji anaye mwalimu karibu.

Tukaitafuta sababu. Ukichukua nyuzi mbili za unene mmoja, zilizokazwa sawasawa, moja ikiwa na urefu wa 3 na ya pili urefu wa 2, zitakupa do na so. Hesabu hii ndogo ndiyo inayozifanya sauti hizo zishikamane sana, hata sikio hupata taabu kuzitenga. Sasa, katika uimbaji wa sauti nne uliotoka Ulaya, kila sauti ni kama mtu mwenye mwendo wake: mmoja apanda, mwenzake ashuka, wa tatu akaa mahali pake. Sauti mbili zikitembea sambamba kwa umbali ule, sikio huacha kuzisikia kuwa ni watu wawili. Mmoja amekuwa kivuli cha mwenziwe. Kumbe katazo lile lalinda uhuru wa kila sauti! Tulipolielewa tulilipenda, jambo ambalo halikutokea tulipokuwa tunalitii tu.

Lakini tulipozidi kusoma tukakuta jambo la kutufedhehesha. Katika karne ya 9 kitabu kiitwacho Musica enchiriadis kiliwafundisha waimbaji wa kanisa huko huko Ulaya kufanya jambo lile lile: sauti ya pili iufuate wimbo kutoka chini, sambamba, mbali kwa nota nne au tano. Kwao hayo yalikuwa mapambo ya ibada. Katazo lilipata nguvu baadaye, mnamo karne ya 14, watu walipokwisha kupenda sauti zenye njia zake zenyewe. Na hata baada ya hapo watungaji wakuu waliliruka mara kwa mara. Johannes Brahms, aliyefariki mwaka 1897, alikusanya mifano yao katika daftari, nalo likachapishwa mwaka 1933. Laiti tungalikuwa nalo siku ile tulipomfedhehesha yule mama.

Na Wagogo je? Wao huimba kwa sauti nyingi ziendazo sambamba, mbali kwa nota nne au tano, na hayo si mabaki ya kutojua. Katika lugha nyingi za Kibantu maana ya neno hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili hakina jambo hili, lakini Kigogo kinalo, na Kichaga chetu kinalo. Wimbo unapopanda kwa ajili ya neno, na sauti ya pili ikashuka kwa ajili ya kitabu, yule wa pili huenda akawa anatamka neno jingine kabisa. Sauti zikitembea pamoja, wote husema neno moja. Basi hapa tuna kanuni mbili, na kila moja yalinda kitu cha thamani: moja uhuru wa mwimbaji, nyingine usalama wa neno.

Wengine watasema: kama ni hivyo, tukitupe kitabu. Hatukubali. Tungalidai sababu katika ukurasa wa kwanza, hatungalikuwa na masikio ya kuisikia. Mkono ulijifunza kwanza kwa kutii. Mgeni akiingia nyumba ya watu huifuata desturi ya nyumba kabla hajaambiwa asili yake, na hiyo ni adabu njema. Lakini akirudi kwao, hana ruhusa ya kumkemea jirani yake kwa desturi ile. Kosa letu lilikuwa hapo.

Tena lilikuwako kosa la pili. Joseph Haydn alijifunza peke yake kwa kitabu cha Johann Joseph Fux cha mwaka 1725, na watu humtaja ili kututia moyo. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameimba miaka mingi utotoni katika kanisa la Mtakatifu Stefano mjini Vienna. Kitabu kilikuta sikio lililokwisha kujaa. Naye Johann Sebastian Bach, katika mji ule ule wa Leipzig ambako chama chake cha misioni kiliwatuma watu waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, aliwapa wanafunzi wake tenzi za kanisa pamoja na sauti ya nne, wao watafute ya pili na ya tatu. Habari hii tumeipata kwa mwanawe. Sisi tulilalamika kwamba hatuna kinanda, hali tulikuwa na kwaya nzima kila Alhamisi, wala hatukuipa hata zoezi moja la daftari ituimbie.

Tulikwenda tena kwa yule mama. Kwa kuwa tulimfedhehesha mbele ya kwaya, tulimwomba radhi mbele ya kwaya. Kisha tukauandika wimbo upya: beti kwa sauti nne kama kitabu kinavyotaka, na kiitikio kwa Kichaga, sauti zote sambamba, yeye akituongoza.

Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika, akasema wimbo huo ni kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili. Bado hatujapata la kumjibu. Lakini siku ya sikukuu ya mavuno tulimwona nyuma, upande wa sauti ya nne, akizishika beti zetu barabara, na kiitikio kilipofika akamgeukia yule mama na kumfuata.