Mpe Mtoto Sindano

Fungua kabati la nguo. Humo hamkosi shati lililong'oka kifungo, gauni lililofumuka pindo, na soksi ambayo kidole gumba kimeshaanza kuchungulia nje. Kila wiki unasema ukipata nafasi utazipeleka kwa fundi. Nafasi haiji. Na hapohapo sebuleni yupo mtu wa miaka mitano, mwenye vidole kumi visivyotulia, anayekufuata jikoni, uani, hadi mlango wa bafu akiuliza, "Mama, nifanye nini?"

Mpe sindano.

Wala sisemi kwa mfano. Nasema sindano yenyewe, uzi wenyewe na kitambaa chenyewe, mkononi mwa mtoto ambaye bado hajaanza darasa la kwanza. Atajichoma, ndiyo. Atashtuka, atanyonya kidole, kisha atakutazama usoni ajue kama hili ni la kulia au la kuendelea. Hapo ndipo ulipo mtihani, na mtihani ni wako. Ukipiga yowe na kumpokonya kazi, kwaheri ushonaji. Ukisema tu, "Pole mwanangu, kidole cha chini kisogeze pembeni," atainama tena. Mtoto huyu unamwacha apande mwembe wa jirani na acheze mpira pekupeku kwenye changarawe, halafu unamwogopea ncha ya sindano!

Masharti yawepo, tena yasiwe na mjadala. Anashona akiwa ameketi. Sindano isiyo kazini inachomekwa kwenye kipande cha sponji. Haiwekwi kochini, haiwekwi mkekani, haitiwi mdomoni. Sindano zinahesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Moja ikianguka, kila kitu kinasimama mpaka ionekane. Kama kuna mdogo wake anayetambaa, kazi inahamia mezani. Watoto hushika masharti ya namna hii kwa ukali kuliko sisi, kwa hiyo usishangae ukigombezwa wewe uliyesahau sindano kwenye mto wa kochi.

Tuje kwenye visingizio. Huna cherehani? Huihitaji, mguu wa mtoto haufiki hata kwenye pedeli. Hujui kushona? Utajifunza naye, na hakuna kinachompa mtoto moyo kama kumwona mzazi wake naye anahangaika kutunga uzi. Unasubiri upate boksi maridadi la vifaa kutoka duka la watoto mjini? Mchagua jembe si mkulima. Anza na neti ya vitunguu.

Ndiyo, ule mfuko wa wavu uliobebea vitunguu kutoka sokoni. Uoshe, uukaushe, kata kipande cha ukubwa wa daftari, kisha kibane kwenye fremu uliyoikata kutoka kwenye boksi gumu ili kisilegee. Tafuta uzi mnene wa kufumia sweta na sindano butu ya plastiki yenye tundu kubwa, inayopatikana kwenye maduka yanayouza nyuzi hizo. Funga mwisho wa uzi kwenye neti. Halafu nyamaza. Mtoto ataingiza sindano kwenye tundu la kwanza, ataivuta mpaka chini, kisha ataizungusha ukingoni mwa boksi ili irudi juu, na uzi utaanza kulifunga boksi lenyewe. Wengi huanzia hapo. Usimrukie. Geuza tu ile fremu umwonyeshe mgongo wake: sindano iko huku, inataka kurudi juu kupitia tundu la jirani. Chini, juu. Chini, juu. Atajaribu, atakosea, atajaribu. Kisha utaona mabega yanashuka, ulimi unatokeza pembeni mwa mdomo, maneno yanakwisha. Mtoto unayemlalamikia kila siku kwamba hatulii, ametulia.

Kwa mdogo zaidi, wa miaka mitatu, sindano ipo mbali. Mpe kamba ya kiatu na makaroni atunge mkufu, au kipande cha boksi ulichokitoboa kwa msumari apitishe kamba tundu kwa tundu. Mkubwa kidogo aliyekwisha kuizoea neti ahamie kwenye gunia la katani, ambalo nyuzi zake zimeachana kiasi cha kumwonyesha njia. Hakuna haja ya kupanga ratiba. Utajua kiwango kimepanda pale atakapoanza kuchoka na kilicho rahisi.

Na siku atakapoomba sindano yenye ncha, mpe kifungo. Kifungo ni somo kubwa kwa udogo wake, na wapo watu wazima wengi wasiolijua. Chagua chenye matundu manne, uzi uwe maradufu, fundo lifichwe upande wa ndani. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu, na mishono yote ipite juu ya njiti hiyo. Akimaliza, ichomoe. Kifungo kitakuwa kimelegea kidogo. Sasa azungushie uzi chini yake mara kadhaa, kati ya kifungo na kitambaa, ndipo akaze fundo. Kule kulegea ndiko kunakokipa kifungo shingo, na shingo ndiyo inayokiwezesha kupita kwenye tundu la shati bila kuuvuta mshono. Mtoto wa miaka saba akishalielewa hilo, ameelewa namna kitu kinavyofanya kazi, maana amekiunda mwenyewe. Kesho yake atamkagua baba vifungo vyote kabla hajaenda kazini.

Kitambaa kitatoka wapi? Kwa fundi wa mtaani, ambaye kila jioni hufagia vipande vya vitenge, satini na khanga kutoka chini ya cherehani yake. Usiende wewe. Mtume mtoto, simama mbali kidogo, usikilize.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nguo?"

"Hapana. Naomba vipande."

"Vya nini?"

"Nashona."

Fundi yeyote mwenye moyo akisikia neno hilo kutoka kwa mtu aliye chini ya kimo cha meza yake, ataacha kukanyaga cherehani. Atachambua vipande vizuri vizuri. Pengine atamwonyesha namna ya kupima kwa futi kamba, au namna ya kupiga bandi kabla ya kushona moja kwa moja, na mtoto ataondoka na mfuko umetuna pamoja na rafiki wa maana.

Sasa mtazame vizuri huyo fundi. Katika miji yetu, mara nyingi anayekaa barazani na cherehani ni mwanamume. Ndiye aliyeshona suruali ya baba ya harusi na sare za shule za mtaa mzima. Lakini mvulana akishika sindano nyumbani, utasikia sauti kutoka kwenye kochi: acha kazi za kike. Upuuzi! Vijana wangapi wanaishi peke yao mjini huku wametoa nguo nzuri kwa sababu ya kifungo kimoja? Mpe sindano wa kiume kama unavyompa wa kike, na asiyependa aende akajadiliane na fundi.

Kwa mtoto wa pwani, au yeyote ambaye nyumbani kwao khanga huvaliwa, mwalimu mwingine yuko sandukuni. Mavazi haya tunayoyaona ya kawaida yana sindano ya mkono katika asili yake: husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizouzwa zikiwa bado zimeungana kwenye jora, wakazikata na kushona sita pamoja, tatu kwa mbili, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Mombasa hadi leo khanga huitwa leso. Hawakungoja mtu awaundie vazi walilolitaka. Na doti unayoinunua leo bado inakuja na kazi yake ndani: vipande viwili vimeungana, ukate katikati, uzikunje ncha zilizokatwa na kuzishona. Hiyo ndiyo kazi ya mtoto wa miaka saba au minane. Ni mstari ulionyooka, na rangi ya pindo inamwongoza. Kunja mara mbili, bana kwa pini, mwachie. Mwambie ukweli kwamba khanga hiyo utaivaa.

Kisha uivae.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Tunampa mtoto kazi, halafu akishalala tunafumua mishono yake na kuirudia vizuri. Tunadhani haoni. Anaona! Anaijua mishono yake kama anavyolijua jina lake, na asubuhi akikuta imenyooka anaelewa kwamba alichofanya hakikutosha. Kenya, tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutumika nchini kote katika madarasa ya chini Januari 2019, wazazi wamepata mtihani huu kwa wingi. Mtoto anatumwa na mwalimu atengeneze kitu kwa mikono, na usiku baba ndiye anayekata na kugundisha huku mwenye kazi amelala fofofo. Kazi ile hupendeza kweli, lakini aliyejifunza ni baba.

Mshono wa mtoto umepinda kama njia ya mbuzi? Uache. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umerukia nje ya kitambaa? Uache. Usimmwagie "hongera" zisizo na kichwa wala miguu pia. Mwonyeshe kitu kimoja cha kweli: "Naona huku mwisho mishono yako imekuwa midogo kuliko ya mwanzo." Sentensi hiyo moja inamwambia kwamba umeitazama kazi yake kwa makini. Atakaa chini ashone zaidi.

Kama bado unadhani haya ni mambo ya watu waliokosa pesa za vinyago, jua kwamba Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha taasisi yake ya watoto wadogo Blankenburg mwaka 1837 na kutupa wazo la chekechea, aliweka kushona kwenye kadi zilizotobolewa na kusuka vipande vya karatasi miongoni mwa kazi za mtoto. Ufini ilifanya kazi za mikono kuwa somo la lazima katika shule zake za msingi mwaka 1866, na hadi leo wavulana na wasichana wa huko wanalisoma. Wala huhitaji kwenda mbali hivyo. Vidole vitatu vinavyoshika sindano ndivyo vitakavyoshika penseli, na mtoto aliyehesabu mishono kumi kisha akaipima kwa shubiri yake ameshaanza hisabati bila kuitwa darasani.

Anza na kitu kitakachotumika. Wanasesere ni wazuri, lakini mtoto anavimba kichwa zaidi akitengeneza kitu ambacho nyumba inakihitaji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na tangu hapo sokoni tunanunua mfuko kila tunapokwenda. Chukua fulana iliyochakaa. Kata mikono, panua shingo, igeuze nje ndani. Mtoto ashone sehemu ya chini kwa uzi maradufu, mishono ya karibu karibu, arudie mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Igeuze tena. Mabega ya fulana ndiyo mikanda ya kushikia. Nenda naye sokoni Jumamosi, muuza nyanya akiuliza mfuko, yeye ndiye ajibu.

Na kama una mama au shangazi Pemba, Unguja, Lamu au popote mkono bado unafanya kazi, tumia hazina hiyo kabla haijaondoka. Bibi anayekaa barazani akisuka ukili, ule ukanda wa chane za ukindu, huku anazungumza, haangalii hata vidole vyake, ana elimu isiyouzwa dukani. Mkeka unaolalia ni ukili wake mrefu ulioshonwa ukingo kwa ukingo, mzunguko baada ya mzunguko. Mtoto anaweza kuanza na chane tatu tu, asuke kama anavyosuka nywele. Bibi atamfokea kidogo, atafumua, atamrudishia. Yeye anaruhusiwa, maana atafanya hivyo mbele ya mtoto na kwa kumwonyesha. Likizo hii mpelekee sukari na doti ya khanga kama kawaida yako, ila safari hii mwachie na mwanafunzi.