Uongo wa Kumsaidia Mtu

Agosti 2021, mama mboga wetu hapa Kayole aliniuliza huku akikata sukuma: "Kijana wangu, wewe si umedungwa? Ulisikia aje?"

Nikajibu haraka: "Hakuna kitu, mathe. Ni kama kuumwa na mbu."

Nilidanganya. Usiku wa AstraZeneca yangu ya kwanza nilitetemeka chini ya blanketi mbili, mkono hauinuki. Lakini mathe ana miaka sitini na kitu, ana presha, na jioni ploti nzima humiminika kwa kibanda chake. Niliona heri nimdanganye apone kuliko nimwambie ukweli akatae.

Hoja nilikuwa nimejaribu kabla ya hapo. Kwa tivii walipenda kusema watu wa mtaa hawajaelimishwa. Wapi! Mathe alikuwa na sababu zake. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda ya wanawake ilitiwa kitu cha kuwazuia kuzaa. Serikali, WHO na UNICEF wakakana, na yeye akabaki katikati. Machi 2020 kafyu ilipoanza, siku chache tu zikapita na mvulana wa miaka 13 akauawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye balkoni ya kwao, Kiamaiko. Mwaka huohuo ikaja kashfa ya KEMSA, pesa za vifaa vya korona. Halafu serikali hiyohiyo inakuletea sindano, tena ya bure.

Nilimwambia hata mwizi akipiga nduru kwamba nyumba inaungua, unatoka kwanza. Akacheka. "Na hiyo si ndiyo njia ya kuwatoa nje, aingie?"

Nilinyamaza. Mpaka leo sijapata jibu la hiyo. Ndiyo maana aliponiuliza vile nilivyosikia, nikachukua njia ya mkato.

Alienda. Siku mbili kibanda kikafungwa. Homa ilimlaza na nyanya zikaoza. Ya tatu akanitazama tu. "Ulinidanganya. Kama hiyo ndogo ulinificha, kubwa ni gani?"

Kant alishikilia kwamba hata muuaji anayemsaka rafiki yako hufai kumdanganya. Chuoni nilimwona mtu asiyejua maisha. Na bado naona muuaji anaweza kudanganywa bila shida. Lakini mathe hakuwa muuaji. Mwili ni wake, biashara ni yake, na mimi nilikata shauri kwa niaba yake kisha nikamwachia hasara. Kwa miezi nilikuwa nimewalaumu wakubwa kwa kutuficha mambo "kwa faida yetu".

Novemba, Waziri Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa hatahudumiwa kwenye ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo kabla siku ifike, ila kwa mathe ilikuwa imeshafanya kazi yake: "Kitu kizuri hulazimishwa?"

Sindano yake ya pili ilikuwa imefika. Safari hii nilimwambia yote: homa, mkono, hata ile damu kuganda ambayo huwapata wachache sana, na kwamba korona yenyewe ingemtesa zaidi kwa umri wake. Akakaa kimya muda mrefu, akipanga vitunguu.

"Sasa nikilala siku mbili, nani atauza?"

Nikamwambia mimi.

"Wewe hata kukata sukuma hujui," akasema, akanipa kisu.