Je, ni Mnara wa Babeli?



Tarehe 18/2/2021 gari la Wamarekani liitwalo Perseverance, lisilo na mtu ndani, lilitua kwenye sayari ya Marsi. Watu wengi duniani walishangilia. Wamoja kati yetu hapa Kasongo wanauliza: kushangilia hivyo si kushangilia Babeli?

Kosa la Babeli halikuwa urefu wa mnara, lilikuwa kutafuta jina. Hilo tulikwisha kuliona karibu na kwetu. Kule kusini, juu ya mto Luvua, kampuni ya Wajerumani OTRAG ilirusha maroketi kutoka Kapani Tonneo. Tarehe 5/6/1978 Mobutu mwenyewe alikuja kutazama. Roketi ilipanda kidogo, ikapotea njia, ikaanguka. Mwaka uliofuata kampuni ikafukuzwa. Ni jina gani lililobaki pale?

Lakini wale wa Perseverance tuwatazame vizuri. Siku ile habari kutoka Marsi ilitumia dakika 11 kufika duniani, na kushuka kwa gari kulikuwa kwa dakika 7 tu. Waliposikia kwamba linaanza kushuka, lilikuwa limekwisha kutua, ao limekwisha kuvunjika. Hakuna mkubwa aliyeweza kuamuru kitu. Walikaa wakingoja, kama mzazi mwenye kijana machimboni. Walipolia kwa furaha, sisi hatukuona kiburi.

Basi anayetaka kushangilia, ashangilie. Ila asituambie kwamba ni ushindi wa binadamu wote. Mama wa Kabambare anayebebwa kwa kipoyi mpaka hospitali, naye ni binadamu.