Viatu vya Senna

Kwa wanaoshika usukani asubuhi hii: kuna filamu fupi ambayo wapenzi wa magari hawachoki kuitazama. Ayrton Senna, Mbrazili aliyetwaa ubingwa wa Formula 1 mwaka 1988, 1990 na 1991, anaendesha Honda NSX pale Suzuka, Japani. Miguuni ana viatu vya kawaida visivyo na kamba, na soksi nyeupe.

Kamera ikishuka miguuni, hapo ndipo utamu ulipo. Kona inakaribia. Mguu wa kulia uko kwenye breki, wa kushoto unakandamiza klachi ili gia ishushwe, na bila breki kuachiwa, ubavu wa ule wa kulia unagusa mafuta mara moja, vuum!

Si mbwembwe. Kwa mwendo uleule, gia ya pili hutaka injini izunguke haraka kuliko gia ya tatu. Mizunguko isipopandishwa kabla ya kuachia klachi, magurudumu huiburuta injini kwa nguvu, gari linashtuka, na kwenye kona linaweza kuteleza.

Anayeanza huachia klachi ghafla, abiria akaitikia kwa kichwa bila kuulizwa. Aanzie barabara tupu, mwendo wa pole: klachi, gia, mguso wa mafuta, kisha klachi iachiwe taratibu. Breki iongezwe baadaye, miguu ikishazoea.