Maziwa ya Magamba, Muhogo wa Bandundu

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombea. Siku moja mwanafunzi mmoja alikoroga maziwa na sukari bila kuchemsha, akawahi. Mwenzake, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu, akaona akingoja atakosa mahali, akayatia yake yakiwa bado ya moto, huku akijua kwamba huenda akaiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amejichanganya, jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, kama ambavyo wengi wetu tungenyamaza. Mwalimu amesoma, yeye ndiyo kwanza anasoma.

Swali lilimrudia Tanga. Rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu huko alimwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi, na wauzaji wengine wa mji ule walifanya vivyo hivyo. Hapa pana jambo linalopitwa haraka mno. Kisa cha Mpemba husimuliwa kama kisa cha kijana aliyewapinga waliomtangulia. Lakini wauza aiskrimu wa Tanga nao walimtangulia. Ujuzi wao ulikuwa wa kazi, hauna kitabu wala cheti, na mwamuzi wa kwanza wa ujuzi huo alikuwa mfuko wao wenyewe: aiskrimu isipoganda, hakuna mauzo. Mwalimu naye alikuwa amerithi. Kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu ilimfikia kupitia vitabu na walimu wake. Kwa hiyo Mpemba hakusimama kati ya mapokeo na sayansi. Alisimama kati ya urithi wa aina mbili, kila mmoja ukimwambia neno lake, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha njia ya kuamua.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena. Mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo darasa likapata utani wa kumcheka nao kila alipokosea. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bikari mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka zote mahali pa kugandisha. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya maji ya moto. Mwenyewe aliona kwamba jaribio hilo moja halitoshi kuthibitisha kitu.

Ndipo akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba alisimama mbele ya wenzake akauliza: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35, vyombo vikiwa sawa na ujazo sawa? Wanafunzi walicheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo pamoja, na jina la kijana wa Magamba likaingia katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu inayofuata haisimuliwi sana. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia majaribio na kuyapitia ya wengine. Hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na ya Mpemba. Wengine wamewapinga, na mabishano yanaendelea. Wako Watanzania wanaoumia wakisikia hivyo, kana kwamba tumenyang'anywa kitu. Lakini Burridge na Linden walifanya kilekile alichofanya Mpemba kwenye maabara ya baiolojia. Anayemtukuza Mpemba huku akikataa jambo lake lisipimwe tena amekaa kwenye kiti cha yule mwalimu.

Basi tuulize kila kitu? Muhogo unajibu kwa ukali.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Katika vijiji vya Bandundu, nchini Kongo, akina mama walijua la kufanya bila kuijua sumu kwa jina. Waliuloweka majini siku tatu. Mwenye uzoefu huubonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyea na nyuzi zake kuchomoka kwa urahisi, umekuwa tayari. Ukikataa, unarudishwa majini. Ukishakuwa tayari ndipo unapoanikwa, ukatwangwa, ukawa unga. Muhogo si zao la asili la Afrika, uliletwa na Wareno kutoka Amerika Kusini. Maana yake ni kwamba kuna bibi fulani, zamani, ambaye hakurithi chochote kuuhusu. Ilibidi yeye na wenzake wajaribu, wakosee, waugue, wajaribu tena.

Kisha ikaja barabara ya lami kwenda Kinshasa. Soko likawa na haraka, magari yakawa yanangoja mzigo, na kuloweka kukafupishwa, mahali pengine hadi usiku mmoja. Unga ulikuwa mweupe kama kawaida. Wakati wa kiangazi, pasipo maharage wala samaki wa kusaidia mwili kuiondoa sumu, watoto na wanawake wakaanza kuamka miguu imekakamaa, na haikunyooka tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Uliwahi kuzuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, mwaka 1985, nyakati za ukame. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Inauma kuona maneno hayo yakiwaangukia watoto ambao hawakumkaidi mtu, walikula walichopakuliwa. Na huko Bandundu hakuna aliyekaa akaamua kuyapinga mapokeo. Siku zilipunguzwa tu, bila mtu kuuliza siku ya tatu ilikuwa na kazi gani.

Jambo hilo linastahili kuwatisha wanaoacha kama linavyowatisha wanaoshika. Wanaoshika nao wana la kuogopa: kuna mambo huitwa ya mababu na si ya mababu hata kidogo. Imani ya "meno ya plastiki", ambayo kwayo ufizi wa mtoto mchanga mwenye kuhara au homa huchimbwa ili kung'oa jino ambalo halijaota, ilienea Tanzania katika miaka ya 1980. Bibi wengi wa watoto hao hawakuijua. Hata hivyo ilipokewa kwa heshima ileile ya mila, na watoto wakatoka damu, wakapata maambukizi, wengine wakafa. Hakuna aliyemuuliza mganga: hili lilianza lini, na watoto wangapi wamepona?

Turudi kwenye muhogo. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, Kongo, watu kadhaa walikuwa tayari wameshapata konzo pale watafiti walipoleta mbinu iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Kuloweka hakukufutwa. Kiliongezwa kitu mwishoni. Mama anatia unga kwenye beseni na kutia alama ukomo wake. Anamimina maji, anakoroga, unga unazama. Anaendelea kumimina mpaka unaporudi kwenye alama ileile. Kisha anautandaza mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu iliyobaki inapotelea hewani. Akina mama wa kijiji waliufanyia kazi unga wao kwa namna hiyo, wakaonja fufu yake, wakasema ni tamu kuliko ya kwanza, kwa kuwa uchungu umetoka. Miezi ikapita, watafiti wakihesabu. Hakuna mtoto mpya aliyefungwa miguu.